Kontena la kupangisha Kitengela: mkopo utatoka wapi benki ikikataa?

Panda matatu ya Kitengela kutoka Nairobi, pita Mlolongo, na ukifika Athi River mnakunja kulia mnaingia barabara ya Namanga. Kuanzia hapo hesabu makontena. Kuna la kinyozi, la duka la dawa, la nyama choma, na bila shaka la ofisi ya kuuza ploti. Kontena la biashara tushalizoea, hakuna anayegeuka kulitazama. Lakini kontena la kupangisha, lenye kitanda, jiko na choo ndani, hilo bado linafanya watu wasimame waulize. Na anayeuliza maswali magumu kuliko wote huwa ni afisa wa mikopo.

Kama wewe ni mmoja wa wale wenye ploti Kitengela, Isinya au kule Kajiado mjini, na umekuwa ukipiga hesabu ya kuweka kontena moja au mawili upangishe, makala hii ni yako. Hatutakuambia kwamba utakuwa tajiri. Tutaangalia kwa nini benki inasita, pesa zinaweza kutoka wapi kwingine, na simu yako inaingia wapi katika hesabu hiyo (na wapi haifai kuingia kabisa).

Kwanza, wazo lenyewe si la kiwazimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 katika mji wa Kitengela peke yake. Wengi wanafanya kazi EPZ ya Athi River, kwenye viwanda vya saruji, au wanaamka alfajiri kwenda Nairobi. Mtu kama huyo hatafuti jumba. Anatafuta bedsita safi yenye stima ya tokeni, maji, na geti linalofungwa usiku.

Halafu kuna suala la udongo. Aliyewahi kujenga Kitengela anajua ule udongo mweusi ambao mafundi huuita black cotton. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, na nyumba iliyokaa juu yake bila msingi wa maana inapasuka nao. Kwa hivyo mjengo wa mawe unaanza na kuchimba na kuondoa udongo wote mpaka ufike kwenye mwamba au changarawe ngumu, kisha unarudisha kifusi. Hapo pesa nyingi zinafukiwa ardhini kabla hujaona hata ukuta mmoja. Kontena linakaa juu ya nguzo chache za zege. Nguzo nazo lazima zifike kwenye ardhi ngumu, usidanganywe, lakini ni mashimo machache badala ya shimo la nyumba nzima.

Na nyumba zisizo za kawaida si ugeni Kajiado. Kule karibu na mbuga ya Nairobi, Nani Croze alianzisha karakana za Kitengela Glass miaka mingi iliyopita, na majengo ya pale hayafanani na kitu chochote ulichoona kwenye mtaa wenu. Ukitaka makontena hasa, Amsterdam waliweka 1,000 ya wanafunzi mahali panapoitwa Keetwonen, kuanzia mwaka 2005. Yalikusudiwa kukaa miaka mitano tu, yakakaa zaidi.

Kwa hivyo wazo lipo na wapangaji wapo. Shida iko kwenye meza ya benki.

Popo wa mjengo

Wahenga walimwona popo wakashindwa wamweke wapi: ana mabawa kama ndege, ana meno kama mnyama. Kontena la kupangisha ni popo. Ni nyumba, maana mtu analala ndani na analipa kodi. Lakini pia ni sanduku la chuma ambalo lori la treila na kreni vinaweza kulibeba usiku mmoja.

Mkopo wa nyumba wa kawaida unasimama juu ya hati miliki. Benki inaandikisha haki yake kwenye hati, na kwa sababu nyumba ya mawe imeshikana na ardhi, ukishindwa kulipa, benki inauza vyote viwili pamoja kwenye mnada. Sasa jiweke kwenye kiti cha yule afisa. Mteja anataka pesa za makontena mawili. Akiacha kulipa, unauza nini? Ardhi bado ipo, sawa. Makontena je? Yatakuwa pale siku hiyo?

Kuna pia suala la mthamini. Huyu kazi yake ni kusema mali ina thamani gani, na njia yake kubwa ni kulinganisha: nyumba kama hii, mtaa huu, iliuzwa kwa ngapi? Kwa mjengo wa mawe ana mifano mingi. Kwa kontena lenye wapangaji ndani hana. Mthamini mwangalifu ataandika thamani ya ardhi, na kontena ataliandika kwa bei ya chuma au ataliacha kabisa. Umetumia pesa nyingi kulitengeneza, lakini kwenye ripoti yake ni kama halipo.

Tena mikopo ya nyumba yenyewe ni michache hapa kwetu hata kwa wenye mijengo ya kawaida. Hesabu za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinaonyesha karibu mikopo 30,000 ya nyumba katika nchi nzima. Nchi nzima! Sababu mojawapo ni kwamba makaratasi ya mkopo mdogo hayana tofauti kubwa na ya mkopo mkubwa: wakili, mthamini, ushuru wa stempu, kuandikisha hati. Benki ikifanya kazi yote hiyo kwa milioni moja ya makontena, faida yake ni ndogo na wasiwasi wake ni mkubwa. Ukikataliwa, usidhani ni lazima mtu amekuonea au wazo lako ni bovu. Mara nyingi hawajaona njia ya kurudisha pesa yao.

Chagua upande mmoja

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Wanapeleka mradi mzima kwa mkopeshaji mmoja, popo na mabawa yake, wanamwambia atafute pa kumweka. Ni afadhali uamue wewe mwenyewe kabla hujatoka nyumbani: hili kontena ni sehemu ya ardhi, au ni mali inayohamishika?

Ukiamua ni sehemu ya ardhi, lifanye liwe hivyo kweli. Tafuta idhini ya ujenzi kutoka kaunti. Watu wengi hudhani kontena halihitaji idhini kwa sababu halina msingi wa mawe, lakini Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya kuendeleza ardhi, na kuweka makao ya wapangaji, vyoo na mfumo wa maji taka ni kuiendeleza. Kama ardhi bado imeandikwa ya kilimo, uliza kuhusu kubadilisha matumizi. Kisha unaenda kuomba mkopo kwa dhamana ya ardhi, ukijua watahesabu ardhi tu. Hiyo si mbaya. Kama ploti yako ina thamani kuliko mkopo unaotaka, mkopeshaji hana haja ya kulipenda kontena lako.

Ukiamua ni mali inayohamishika, nenda kwa njia ile ile ambayo watu hukopa kununua lori, trekta au mashine ya kusaga. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya dhamana ya mali inayohamishika, na kuna sajili ambapo mkopeshaji anaandikisha kwamba ng'ombe wako, mashine yako au vifaa vyako vimeshikwa kwa mkopo fulani. Kila kontena lina nambari yake, herufi nne na tarakimu saba, imepakwa rangi kubwa ubavuni. Ni kitu kinachotambulika, kama vile gari linavyotambulika kwa nambari ya chesi. Kuna wakopeshaji wadogo wanaoelewa lugha hiyo vizuri kuliko benki ya mikopo ya nyumba. Gharama yake ni kwamba muda utakuwa mfupi na riba itakuwa juu. Hata Marekani, nyumba za kiwandani zilizokaa kwenye ardhi ya kukodi hukopeshwa kama mali inayohamishika, na wenyewe hulalamika kuhusu jambo hilo hilo: riba ya juu, miaka michache.

Usikae katikati. Ukichomelea kontena kwenye zege, ukalizungushia kuta za mawe na kuongeza veranda, halafu ukaenda kuliandikisha kama mali inayohamishika, wakili wa mkopeshaji atauliza linahamishikaje. Na ukiliacha linaning'inia juu ya mawe manne bila idhini yoyote, usitegemee mtu aliite nyumba.

Kuna wale pia ambao ardhi si yao, wanakodi ploti na kuweka kontena. Hapo andikianeni mkataba na mwenye ardhi unaosema wazi kwamba kontena ni lako na una haki ya kuliondoa muda ukiisha. Bila karatasi hiyo, siku mkikosana utakuwa unabishana kuhusu nyumba yako mwenyewe ukiwa nje ya geti.

Hati kwanza, chuma baadaye

Kwa wenye ploti zao, neno moja kuhusu hati. Maeneo mengi ya Kajiado yalikuwa ranchi za vikundi, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, na baadaye nyingi zikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande vikauzwa, vikagawanywa tena, mpaka tukafika kwenye hizi hamsini kwa mia. Ndiyo maana hati nyingi za Kitengela huanza na maneno Kajiado/Kaputiei-North au Kajiado/Kitengela, kisha nambari. Kama kampuni iliyokuuzia ardhi ilikupa cheti cha hisa tu na ahadi kwamba hati inakuja, mkopeshaji wa dhamana ya ardhi hatakusikiliza. Na mimi namwunga mkono.

Mnakumbuka Oktoba 2023, ng'ambo tu ya hapa, Mavoko. Nyumba za watu zilibomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya East African Portland Cement. Watu walikuwa wamenunua, wamejenga kwa mawe, wameishi. Walikuwa na karatasi mikononi. Kwa hivyo fanya upekuzi rasmi kwenye rejista ya ardhi ya Kajiado kabla ya kulipia hata deposi ya kontena. Kwa ardhi ya kilimo, mauziano yanahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi ya eneo, na hata kuweka hati hiyo rehani kunahitaji kibali hicho. Na kama umeoa au umeolewa, jiandae: mkopeshaji atataka idhini ya mwenzako kwa maandishi. Mwambie mapema, asije akausikia mradi huu kwa mara ya kwanza mbele ya wakili.

Sacco, na watu wanaoweka sahihi

Kwa wengi wetu, pesa za kontena la kwanza hazitatoka benki. Zitatoka Sacco. Sacco hailiangalii kontena kabisa. Inaangalia akiba yako, mshahara au biashara yako, na wadhamini wako. Kawaida unaweza kukopa mara tatu ya akiba, na nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Hapo popo hana shida, hakuna anayemuuliza ni ndege au mnyama.

Tufanye hesabu. Nambari hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme kontena la futi 40 litakugharimu shilingi 900,000 mpaka mpangaji aingie: kununua, kusafirisha, kreni, nguzo, kukata milango na madirisha, kinga ya joto, stima, choo, maji taka. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44, kwa hivyo ukiligawa mara mbili unapata vyumba viwili vya karibu mita 15 za mraba kila kimoja, ukihesabu kwa nje. Ndani panapungua. Tuseme kila kimoja unapangisha kwa 9,000. Ni 18,000 kwa mwezi.

Mkopo wa 900,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, salio linalopungua, miezi 48, marejesho yake ni karibu 23,700 kwa mwezi. Umeona? Vyumba vyote vikijaa, kodi yote ikilipwa, bado unatoa 5,700 mfukoni kila mwezi kwa miaka minne. Chumba kimoja kikikaa wazi, unatoa 14,700. Sacco ikikubali miezi 72, marejesho yanashuka hadi karibu 17,600, na hapo kodi inatosha, lakini kwa shilingi 400 tu, na ni lazima vyumba vijae miezi yote 72. Hakuna vyumba hivyo duniani.

Hesabu hii haisemi usifanye. Inasema mshahara wako au duka lako ndilo litakalolipa mkopo huu miaka ya kwanza, na kodi itakuwa inasaidia tu. Atakayekuambia kontena "linajilipa lenyewe" muulize anauza nini.

Na kuna watu wengine ndani ya hesabu hii. Ili upate 900,000 unahitaji akiba ya 300,000 na wadhamini wa kufunika kiasi kinachobaki. Mdhamini ni mwalimu mwenzako mnayekaa naye stafurumu, au yule jamaa wa zamu ya usiku kiwandani. Akiweka sahihi, akiba yake imefungwa kwa ajili yako. Ukishindwa, Sacco inachukua akiba zake, zile alizokuwa akipangia karo ya mtoto kidato cha kwanza. Tunazungumza sana kuhusu riba na tunasahau hapa. Kabla hujampelekea mtu fomu, mwonyeshe hesabu yote, pamoja na ule mwezi chumba kiko wazi. Akisoma akakataa, usimnunie. Amefanya kazi ya mthamini bila malipo.

Mimi binafsi ningeanza na kontena moja, pengine hata la futi 20 lenye chumba kimoja, nikae na mpangaji mwaka mzima. Kuna mambo hutayajua mpaka Januari ifike na chuma kiwake. Kama kinga ya joto uliweka ya kubahatisha, mpangaji wako atakuwa analala nje kwenye kiti, na mwezi wa pili amehama. Maji ya Kitengela nayo ni hadithi yake: mengi ni ya visima, mengine yanakuja kwa boza, na bili yake huingia kwenye faida yako kimya kimya. Mwaka mmoja wa chumba kimoja utakufundisha vitu hivi kwa bei nafuu, na pia utakupa kitu ambacho mkopeshaji wa kontena la pili atakitaka sana.

Rekodi ya kodi ndiyo CV ya kontena

Kumbuka mthamini alikosa mfano wa kulinganisha. Wewe unaweza kuutengeneza. Taarifa ya miezi 12 inayoonyesha kwamba chumba A kimelipa 9,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5 ni ushahidi ambao hakuna ripoti ya benki inayoweza kuupuuza kirahisi. Hapa ndipo simu inaingia.

Tenganisha. Usipokee kodi kwenye laini ile ile unayotumiwa pesa za mchango wa harusi na pesa za mama. Chukua nambari ya Paybill au Till ya biashara, ijapokuwa una mpangaji mmoja. Paybill ina faida kwamba mpangaji anaandika nambari ya nyumba kama akaunti, A1, A2, hivyo malipo yanajipanga yenyewe kwenye taarifa. Mwambie mpangaji tangu siku ya kwanza: kodi hailipwi taslimu, hata kwa keteka, hata kama ni usiku na mtandao unasumbua. Kila elfu tisa inayopita mkononi ni mwezi uliopotea kwenye rekodi yako. Huyo afisa hataamini daftari.

Deposi ya mpangaji iweke kando, usiihesabu kama mapato, maana utairudisha. Malipo ya fundi, boza na marejesho ya mkopo yapitishe kwenye akaunti hiyo hiyo ya biashara, ili anayesoma taarifa aone pesa zikiingia na zikitoka kwa mpango. Na ikitokea chumba kikakaa wazi miezi miwili, usiingize pesa zako mwenyewe ili kuziba pengo. Wasomaji wa taarifa wanajua mchezo huo, na pengo la kweli lina heshima kuliko kodi ya kubuni.

Kisha kuna KRA. Wengi wanaogopa kwamba rekodi safi itawaletea ushuru. Ndiyo, italeta, lakini angalia kiasi. Kuanzia Januari 2024 ushuru wa kila mwezi wa nyumba za makazi za kupangisha ni asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kuondoa gharama, kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Unalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kontena moja la mfano wetu linaingiza 216,000 kwa mwaka, kwa hivyo liko chini ya mpango huo, ingawa mapato yake bado unayaweka kwenye ritani yako ya kila mwaka. Mawili yanaingiza 432,000, na ushuru ni 2,700 kwa mwezi. Sasa fikiria: mkopeshaji akiona ritani zako zinafanana na taarifa yako ya Paybill, amepata vyanzo viwili vinavyosema jambo moja. Kwa biashara isiyo ya kawaida kama hii, ningelipa hiyo 2,700 bila kununa.

Pale simu haifai

Sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, kwa hivyo tuseme hili wenyewe: usijenge kwa mkopo wa simu. Mikopo hii ilitengenezwa kwa mambo ya siku chache. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 50,000 ya madirisha kwa kiwango kama hicho, unalipa 3,750 ndani ya mwezi mmoja, na mwisho wa mwezi zote zinatakiwa. Sacco kwa 50,000 hiyo hiyo ingechukua karibu 500. Dirisha halileti kodi ndani ya siku 30. Utakopa pengine kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili, na jina lako litafika CRB kabla mpangaji hajafika getini.

Mkopo wa simu una kazi yake: mpangaji amechelewa wiki moja na boza la maji linataka pesa leo. Basi. Na hakikisha anayekukopesha ana leseni, maana tangu 2022 Benki Kuu ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali na huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Una haki pia ya ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Iombe kabla ya kwenda Sacco au benki, ili kosa la zamani lisikushtue mbele ya watu.

Siku ya kununua

Utapeli wa makontena unafanana na utapeli wa ploti: picha nzuri, bei ya chini, "tuma deposi nikushikie, kuna mteja mwingine". Usitume. Nenda yadi, simama mbele ya kontena lenyewe, soma ile nambari ubavuni na ulinganishe na ile ya kwenye karatasi. Fungua milango, ingia ndani, mwombe mtu afunge, kisha tazama juu. Ukiona vitundu vya mwanga, hayo ni maji ya mvua ya Aprili. Uliza pia karatasi za forodha. Makontena mengi huingia nchini kwa muda tu, yakiwa yamebeba mizigo, na likibaki kuuzwa hapa ushuru wake lazima uwe umelipwa. Bila karatasi hizo hutaweza kuliandikisha kama dhamana, na anaweza kuja mtu kulidai.

Unapolipa, pochi ya M-Pesa ina kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa salio, kwa hivyo kontena zima huenda likahitaji malipo zaidi ya moja au uhamisho wa benki. Lipa kwenye nambari ya biashara yenye jina la yadi, si kwa nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na lililo kwenye risiti, acha hapo hapo, hata kama kreni tayari imeinua mzigo.